Sura Yangu, Mikono Yake

Sadiki, mwongozaji wangu wa zamani, alinipigia simu nikiwa saluni, kichwa kimejaa rola, na bila hata kuniuliza habari za watoto akaniambia ile filamu yetu inarudi. Kanda mama imepatikana kwenye sanduku la marehemu mhariri, imesafishwa, mikwaruzo imeondolewa, na mwezi ujao watu wataitazama kwenye simu zao. Vijana wanaiita klasiki, alisema, kisha akaningoja nifurahi. Sasa wanataka waigizaji tuliobaki tukae mbele ya kamera, kila mmoja nusu saa, tusimulie tulivyoitengeneza. "Wewe watakuuliza habari za ile mikono," alisema. "Kila mtu anataka kujua ile mikono ilikuwa ya nani." Nikamwambia sawa, nitakuja. Mie nina ugonjwa wa kukubali mambo kwanza halafu nikafikiri baadaye, na ugonjwa huo sikuupata uzeeni. Nilikata simu nikabaki natazama vidole vyangu juu ya kitambaa cha saluni, mpaka dada aliyekuwa ananitengeneza akaniuliza kama rola zinanibana. Nikasema ndiyo, zinanibana.

Kwa asiyeijua, filamu yenyewe iliitwa Sahani ya Jirani. Ni mwezi wa Ramadhani, mtaa mmoja, na kuna mtu anapeleka sahani za futari kwenye nyumba za watu. Kila nyumba inayokula, anaanguka mtu. Muuaji humwoni. Unachoona ni mikono tu: inakuna nazi, inakoroga tambi, inafungua kijikaratasi, inanyunyiza unga, inafunika sahani kwa kawa. Unakaa na mikono ile filamu nzima roho ikiwa juu, hadi mwisho kabisa kamera inapopanda polepole kutoka vidoleni hadi usoni, na uso ni wangu, mpangaji mpole wa chumba cha uani ambaye hakuna aliyemshuku. Kwenye mabanda ya video ya Manzese watu walikuwa wanasimama juu ya mabenchi. Kanda zilipoanza kuuzwa, wachuuzi walizitembeza stendi ya Ubungo, na abiria wa mikoani walinunua wakaondoka nazo kama zawadi za nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na uso ule ulinipa jina. Mikono haikuwa yangu.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga Kinondoni, kwa Bi Mashavu. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, uani bomba, choo na jiko la bati. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kimepakana na jiko, kwa hiyo hata mashuka yangu yalinukia mdalasini na nikifika kazini wenzangu walikuwa wananiuliza nimepika nini asubuhi yote hiyo, mie niliyekuwa sijui hata kuwasha jiko la mkaa likawaka mara ya kwanza. Mama mwenye nyumba alikuwa mwenyeji wa mji, mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na kazi yake mtaani ilikuwa moja: upishi wa shughuli. Iwe harusi, iwe hitima, iwe maulidi, sufuria la pilau halikupanda mafigani kabla hajafika. Hakulipwa. Aliitwa tu, akaletewa kanga, akaketi kwenye kigoda karibu na moto na kuwaamrisha wanawake wenziwe: punguza kuni, ongeza maji, nani kakata vitunguu hivi kama anakatia mbuzi. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake duniani na alikipenda kuliko nyumba yake. Mie mtoto wa bara, Mkristo, sifungi, lakini Ramadhani yangu ya kwanza pale sahani ilifika mlangoni kwangu kila jioni. Nilipomwambia, mama, mie sikufunga, alinijibu: "Wewe umeshinda njaa kwa ubahili, mie nimeshinda njaa kwa ajili ya Mungu. Tutafuturu wote." Nilicheka, nikapokea, nikala mpaka nikalamba vidole.

Filamu tuliipiga kwa kamera ya kuazima ya mtu wa harusi, na siku ya kwanza tu mambo yalikwama. Nilikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, Sadiki akaangalia kwenye kile kioo kidogo, akatikisa kichwa. "Anjela, mikono yako inaiogopa nazi," alisema. "Hii ni mikono ya mtu anayenunua chipsi." Watu walicheka, mie nikaona nafasi yangu inaponyoka, maana alishaanza kumtaja msichana mwingine wa Magomeni ambaye alikuwa akimsaidia shangazi yake mgahawani. Ndipo niliposema, na hakuna aliyeniuliza: mie nina mama mwenye nyumba. Anapika tangu hajaolewa. Mtachukua mikono yake na uso wangu. Sadiki akauliza kama atakubali kucheza muuaji. Nikasema hawezi, huyo akiona kwenye televisheni mtu anakunywa pombe anaondoka sebuleni. Basi tutafanyaje, akauliza. Nikasema, tutamwambia ni kipindi cha mapishi ya pwani. Nililisema jepesi tu, kama mtu anayeelekeza njia. Nimejaribu miaka mingi kumsukumia Sadiki neno lile, na kwenye hadithi ninazowasimulia watu huwa ni lake. Lilikuwa langu.

Siku ya kupigwa picha Bi Mashavu alivaa kanga mpya na alikuwa amejipaka hina tangu juzi yake. Alijifunga mtandio vizuri, akauliza mara tatu kama kichwa kitatokea, na Sadiki, adabu zote, akamwambia, "Mama, sie tunataka mikono tu. Mikono ndiyo inayofundisha." Jambo hilo lilimpendeza sana. Alipika huku anaieleza kamera kila kitu, tambi unazikaanga kwanza, usiwe na haraka, tui la kwanza liweke pembeni, na sauti haikuwa inarekodiwa hata kidogo, kipaza sauti kilikuwa kwenye begi. Iliki niliitwanga mie mwenyewe kwenye kinu kidogo, nikaifunga kwenye kijikaratasi. Aliifungua kwa vidole viwili, kile kidole chake cha mwisho kilichopinda tangu alipoungua utotoni kikiwa kimesimama pembeni peke yake, akanyunyiza polepole. "Hii ndiyo siri yangu," aliiambia kamera, anatabasamu. "Mtu asiyejua atatia nyingi, akaharibu." Sadiki alinitazama, mie nikainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. Tulipotoka tulicheka hadi tukashika ukuta.

Kanda ilitoka majuma mawili kabla ya Ramadhani. Kwenye kava kulikuwa na uso wangu nusu, na chini yake mikono imeshika sahani. Nilileta nakala nyumbani kwa sababu Bi Mashavu ndiye aliyekuwa na deki na televisheni kubwa, na kwa sababu, niseme tu, nilitaka kuwaona watu wakiniona. Kile kipindi chake aliniuliza kitatoka lini, nikamjibu kwamba kimeingizwa humu ndani ya mchezo wa kuigiza. Akafurahi zaidi. Baada ya sala ya alasiri aliwaalika wanawake wa nyumba za karibu, kumi na wawili hivi, akawatandikia mikeka, akapasha kahawa na kashata. Mikono ilipotokea mara ya kwanza walishangilia. "Huyo Mashavu huyo, tazama kile kidole," alisema Mama Rehema wa nyumba ya mkabala, na Bi Mashavu akajiziba uso kwa mtandio kwa haya. Kisha kijikaratasi kikafunguliwa, unga ukanyunyizwa, Sadiki akiwa ameweka juu yake muziki ule wa kutisha, na katika picha iliyofuata mzee mmoja alidondoka na kijiko mkononi. Mikono ikarudi, hina ileile, kidole kilekile, ikamwua mtoto. Nilisikia kikombe kinawekwa chini. Hakuna aliyeondoka, filamu ilikuwa imewashika, na hiyo ndiyo sifa tuliyosifiwa baadaye, kwamba mtu akianza kuitazama hawezi kunyanyuka. Uso wangu ulipotokea mwishoni walinipigia makofi. Wote walinigeukia mie, wakaniambia hongera, umetuweza. Yeye hawakumwambia kitu. Walipokwisha kuondoka aliniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Anjela, ile ni iliki." Nikasema ndiyo, mama, ni iliki. Sikusema zaidi, na hata hilo nililisema walipokwisha kuondoka.

Watu wananiuliza watu wazima wanawezaje kuamini kwamba mpishi wao anatia sumu. Hawakuamini. Ungemwuliza mmojammoja angekwambia ule ni mchezo, na muuaji ni Anjela, tena anaigiza vizuri. Ila uso wangu ulikuwa uso wa sanaa, mtu anaujua kwamba ni wa kuazima. Mikono ile walikuwa wameijua kwenye hitima za wazazi wao. Kitu kilishaingia tumboni, na tumbo huwezi kulielimisha. Siku ya kwanza ya Ramadhani Bi Mashavu alipika tambi, zilezile za kwenye filamu, sijui kwa ukaidi au kwa kuwa ndizo alizozoea kuanza nazo. Alipakua sahani sita, akazifunika, akazipeleka mwenyewe kabla ya adhana. Nilikuwa uani nafua. Zilianza kurudi kabla hata sijaanika. Moja ilirudi na salamu kwamba wamealikwa kufuturu kwa watu. Nyingine, mtoto anaumwa tumbo. Ya Mama Rehema ilirudi na kawa haijafunuliwa, na alisimama mlangoni kutafuta la kusema, akakosa, akasema, "Shoga, mwaka huu tunapunguza sukari." Bi Mashavu alizipanga zote kwenye meza ya jikoni, sahani tano, akanitazama. Ya sita alikuwa amenipa mie.

Nilikuwa nayo chumbani, juu ya stuli. Nilifunua. Mvuke ulikuwa bado unatoka. Ule unga wa kwenye filamu nilijua ni iliki, kwa kuwa niliitwanga mie, mkono huu. Nilishika kijiko, nikachota, nikakifikisha mdomoni, na mbele ya macho yangu nikaona kidole kile kimesimama pembeni, nikasikia ule muziki. Nilikuwa nimeitazama ile kanda mara kumi na ngapi sijui, nikijitafuta mie mwenyewe, na kila mara ili nijifikie nilipaswa kupita kwenye ile mikono. Nilirudisha kijiko. Nilikaa kitandani nikajitukana kwa lugha zote mbili ninazozijua, nikajaribu tena, nikarudisha kijiko tena. Mwisho nilizimimina tambi zote kwenye mfuko wa nailoni, nikafunga, nikauficha ndani ya mkoba wangu, nikatoka kama ninakwenda dukani, nikautupa kwenye jaa la barabarani. Nikaosha sahani. Kwao sahani hairudishwi tupu, kwa hiyo niliweka machungwa manne nikampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili. Alinishika shavu tu. Kesho yake hakupika futari ya majirani, wala keshokutwa yake.

Ramadhani ilipita, harusi zikafunguliwa, na ya kwanza ilikuwa ya binti wa Mama Rehema. Bi Mashavu alisubiri kanga ya mwito, haikuja. Siku tatu kabla ya harusi alinigongea mlango, akakaa kwenye ile stuli yangu, akafunua jambo lake kwa shida. Amesikia nimealikwa kuwa mgeni wa heshima. Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa mwanangu, wewe wanakusikiliza. Ukipewa kipaza sauti, useme tu. Sema alichotia Mashavu ni iliki, tena uliitwanga wewe mwenyewe. Maneno mawili. Sitaki wanisifu, nataka wanirudishe jikoni." Nikasema nitasema, mama, tena nitasema vizuri. Na nilikuwa na nia, naapa. Niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo kama ninavyofanyia mazoezi maneno ya filamu.

Harusi ilikuwa mchana, turubai limefungwa barabarani, viti vya kukodi, na mpishi ameletwa kutoka Ilala, mwanamke mwenye aproni. Bi Mashavu walimpa kiti cha mbele, pamoja na wageni. Alikuwa hajawahi kukaa kiti cha mbele kwenye shughuli yoyote ya mtaa ule, na alikaa ameshika mkoba wake mapajani kama mtu aliyepanda basi la mbali. Mshereheshaji, kijana mcheshi mwenye suti ya kung'aa, aliniita mbele, wanawake wakapiga vigelegele, akaniwekea kipaza sauti mdomoni akaniuliza kwa utani, "Dada Anjela, kabla watu hawajagusa pilau, hebu tuhakikishie. Tuko salama?" Nilimwona Bi Mashavu anajiinua kidogo kitini. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, ni iliki, niliitwanga mie. Lakini turubai zima lilikuwa linanitazama, midomo iko nusu wazi, wanangoja kucheka, na mie nilikuwa sijawahi kuwa na watu wengi kiasi kile mkononi mwangu. Nikasema, "Leo kuleni tu, mpishi amebadilishwa." Waliangua kicheko hadi mwanamke mmoja akaanguka na kiti chake. Mshereheshaji alinikumbatia. Na mie nikacheka nao, jamani, nikainama kuwashukuru kama tuko jukwaani. Nilipoinua uso kiti cha mbele kilikuwa na mkoba tu, na mtoto mmoja alitumwa kuupeleka nyumbani.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza, ningepata pa kujibia. Baada ya juma moja binti yake Zuhura alikuja na gari la kukodi, wakapakia kitanda, kabati, televisheni na masufuria makubwa, wakaenda Mtoni, na kodi za vyumba tukawa tunamlipa mpwa wake. Aliniaga kama anavyowaaga wapangaji wengine, akaniambia nisisahau kufunga mlango wa uani. Nilihama baada ya miezi mitatu, nikacheza filamu nyingine nne ambazo hakuna anayezikumbuka. Miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikijiambia kwamba nitakwenda Mtoni. Kutoka ninapokaa ni mabasi mawili tu. Nimekwenda Mwanza mara tisa.

Simu ya Sadiki ndiyo iliyonisukuma. Sikutaka kukaa mbele ya kamera niulizwe mikono ya nani, nami sijamwona mwenye mikono. Nilikwenda Jumamosi, asubuhi, na sukari na mchele kama mtu anayekwenda kuposa. Nilimkuta barazani kwenye mkeka, amekonda, macho bado mazima, wajukuu watatu wamemzunguka na simu zao. Nilipiga magoti. "Shikamoo, mama, mie Anjela." "Marahaba," alisema, akanitazama muda mrefu, halafu uso wake ukafunguka namna ambayo sikuistahili. Akawageukia wajukuu. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye niliyekuwa nawaambia. Mtaa mzima ulinirudishia sahani, huyu alikula. Mtu wa bara, tena Mkristo, alikula, akaniletea na machungwa." Binti mkubwa akanipa mkono kwa heshima, akasema bibi anakusimulia kila Ramadhani. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi kwa maneno ya harusini, na nilipoanza kuyataja aliyafukuza kwa mkono. "Ulikuwa mtoto, ulipewa kipaza sauti. Nilikasirika siku mbili tatu. Kisha nikasema, mdomo wake umenicheka, lakini tumbo lake liliniamini. Hilo lilinitosha, Anjela. Nimepikia watu wa hapa Mtoni miaka yote hii kwa sababu ya sahani moja."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nafasi ilikuwa wazi, hakuna turubai, hakuna mshereheshaji. Nikafikiri, nimwibie na hicho kimoja alichobaki nacho? Nikajiambia kwamba kunyamaza ndiyo hisani, na labda ingekuwa hisani kweli kama ningenyamaza. Aliniuliza, anatabasamu, amenishika mkono wangu kwa ile mikono yake, kidole kimepinda vilevile: "Sijawahi kukuuliza. Zile tambi zilikuwaje?"

"Zilikuwa tamu, mama," nilisema. "Tamu sana. Sijala tena tambi kama zile."

Mjukuu mmoja alicheka kitu kwenye simu yake, mwingine akamwambia anyamaze. Bi Mashavu alikuwa bado ananishika mkono, ila tabasamu lilikuwa linaondoka taratibu, kwanza mdomoni, halafu machoni.

"Siku ile akili yangu haikuwepo," alisema. "Nilisahau kutia sukari. Nilijua nilipofuturu mwenyewe. Nikasema, masikini Anjela, kazila hivyohivyo, hakutaka kunivunja moyo."

Aliuachia mkono wangu, akauweka juu ya goti langu, polepole, kama anarudisha kitu cha mtu.

"Kumbe hata wewe," alisema.